Jenga Lokitaung, Usijenge Tanuri

Mwenye nyumba wa Nairobi akitaka kuokoa pesa hupigana na riba ya benki. Wewe wa Lokitaung una vita vingine. Hesabu ya Benki Kuu ya Kenya ya mwaka 2023 ilionyesha takribani mikopo ya nyumba 30,000 katika nchi nzima, na ukimpata mwenye mkopo wa aina hiyo karibu na soko letu, mkaribishe chai, ni mgeni adimu. Pesa za nyumba huku huliwa na jua, umbali, chumvi, mchwa, laga na dalali. Wote wana njaa na hakuna hata mmoja anayebisha hodi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, muuguzi, mwenye duka, na yule mtoto wa hapa anayefanya kazi Eldoret akituma pesa za mjengo kwa simu kila mwisho wa mwezi. Shilingi zenu zinaniuma kweli. Kuna kuta nyingi mno Turkana Kaskazini zilizofika usawa wa madirisha zikaishia hapo, mbuzi wakazigeuza boma, na mwenyewe bado anakatwa mkopo wa sako kwenye mshahara.

Dalali

Tuanze na huyu, maana hukufikia kabla hujanunua hata msumari mmoja. Utamkuta chini ya mti, ana daftari na simu mbili.

"Mwalimu, hii ploti inaangalia lami."

"Lami iko wapi?"

"Inakuja."

Mwulize inakuja kutoka wapi. Barabara kuu ya A1 kutoka Lodwar kwenda Lokichogio ilipojengwa upya, vipande vyake viwili viliitwa Lodwar hadi Lokitaung Junction, na Lokitaung Junction hadi Mto Kalobeyei. Jina letu limeandikwa mara mbili katika mradi mmoja, na mara zote mbili ni jina la njia panda. Lami ikifika hapo hushika njia ya Kakuma. Kwa hiyo lipia ploti iliyopo mbele ya macho yako leo, pamoja na vumbi lake. Lami ikija, itakuwa zawadi.

Bei ya matumaini tunaijua sana sisi. Machi 2012 mafuta yalipatikana katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar, na tangu hapo kila kichaka cha Lokichar na Lodwar kikapata mtu anayedai ni ploti. Watu walinunua kwa bei ya utajiri ambao ungefika kesho. Ukiambiwa bei ya ardhi, toa kwanza mafuta, toa reli, toa bomba, toa lami, kisha uliza upya: hapa pana maji? Pana shule? Gari linafika mvua ikinyesha? Bei inayobaki baada ya maswali hayo ndiyo ya kujadili.

Sasa sheria, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea kwa mkupuo mmoja. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii. Katiba ya 2010 inaitambua katika kifungu cha 63, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza iwe mali ya mtu binafsi. Ikishasajiliwa, uamuzi wa kuitoa unahitaji theluthi mbili ya wanajamii watu wazima walioandikishwa. Sasa mtazame tena dalali wako. Kama kaunti nzima haiwezi kukuuzia, yeye na daftari lake anauza nini?

Kwa hiyo njia bora kabisa ya kuokoa pesa za kununua ardhi Lokitaung ni kutonunua. Kama wewe ni wa hapa, nenda kwa wazee, kaa nao, eleza unachotaka kujenga, na upewe mahali mbele ya watu. Hakikisha kikao kimeandikwa, chifu anajua, na majirani wa pande zote nne wamesikia kwa masikio yao. Kama wewe ni mgeni aliyeletwa na kazi, panga nyumba. Kodi ya miaka mitano huuma kidogo kila mwezi, ila kesi ya ardhi huuma mpaka kwa watoto.

Lodwar kuna ploti za mjini, na huko utaonyeshwa barua ya mgao. Barua ya mgao ni ahadi. Hati miliki ni kitu kingine. Ipeleke kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti, uliza kama namba ya ploti ipo kwenye ramani ya upimaji, uliza kama kuna mwingine mwenye barua ya ploti hiyohiyo, halafu nenda kwa jirani umuulize nani amekuwa akifagia hapo. Kama muuzaji ana mke au mume, mwenzake aseme kwa kinywa chake na atie saini. Na kama ploti ina hati kamili, weka kando ushuru wa stempu kabla hujapatana bei: asilimia 4 ndani ya miji, asilimia 2 nje ya miji. Wengi huukumbuka siku ya kulipa, pesa zikiwa zimeshaisha.

Wenye mshahara mnakatwa pia tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Hiyo ni tozo. Usiiingize kwenye hesabu ya akiba yako.

Laga

Ploti rahisi kuliko zote huwa kando ya laga, yaani mto wa msimu. Ardhi ni tambarare, mchanga upo mlangoni, kuchimba msingi ni kazi ya asubuhi moja, na kuna kivuli. Muuzaji hatakuambia kwamba laga pia ni njia, na mwenye njia hurudi.

Angalia miti. Nenda kando ya Kawalase pale Lodwar, au laga yoyote karibu nawe, usimame uangalie matawi ya miiba. Utaona nyasi kavu zilizosukwa na maji, karatasi ya plastiki, kipande cha kamba, pengine kandambili moja, vyote vimenasa pamoja. Pima urefu wake kwa mwili wako. Kama takataka zimenasa usawa wa kifua, basi maji yalifika kifuani, na ukijenga hapo godoro lako liko chini ya mstari huo. Kipimo hiki ni cha bure na hakidanganyi, kwa sababu hakuna dalali anayeamka usiku kwenda kuning'iniza nyasi mitini.

Na usingoje mawingu ndiyo uogope. Turkwel huleta maji kutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, kwa hiyo mto unaweza kujaa Lodwar huku mbingu ni nyeupe na nguo zako zinakauka kambani. Muulize mama anayechota maji kwenye visima vya mchanga, au mzee aliyechunga mifugo hapo akiwa kijana, maji yaliwahi kufika wapi. Mpe muda ajibu, na umlipe tumbaku.

Walio ufukweni, kuanzia Kalokol mpaka Lowarengak, wana jambo la ziada. Ziwa Turkana limepanda katika muongo uliopita na kumeza nyumba na miti iliyokuwa nchi kavu. Ukijenga huko, panda juu. Mvuvi anaweza kutembea asubuhi, nyumba haiwezi.

Umbali

Serikali ya kikoloni ilipotaka mahali pa mbali pa kuwaficha wafungwa wa kesi ya Kapenguria mwaka 1953, ilichagua Lokitaung. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba waliletwa hapa, na Kenyatta akakaa mpaka 1959 alipohamishiwa Lodwar. Umbali ule uliowafaa wakoloni ndio unaopandisha bei ya kila mfuko wa saruji unaoununua. Kitale mpaka Lodwar ni karibu kilomita 300, na bado hujageuza gari kuja kaskazini. Kwa kila kitu unachotaka kununua, jiulize kimepanda lori mara ngapi.

Vinavyostahili kupanda lori ni vichache: mabati, misumari, nondo, saruji ya msingi na sakafu, na tanki la maji. Vingine vyote viko hapa. Vilima vya Lokitaung ni mawe matupu, na bado utamwona mtu analipia matofali ya saruji kutoka Lodwar, yanafika nusu yamevunjika, anayajenga juu ya jiwe zima la bure. Hilo linanikera kweli. Tafuta fundi wa mawe, lipa vijana wa kuyakusanya, na pesa zako zibaki katika kata yako.

Usiagize peke yako. Tafuta watu watatu au wanne wanaojenga mwaka huohuo, mjaze lori moja. Mwenye lori anatoza safari. Lori likija nusu tupu, umelipia hewa ya Kitale. Kule Kalobeyei, kuanzia 2018, wakimbizi walianza kupewa pesa za makazi mikononi mwao, wakachagua mafundi wenyewe na kusimamia nyumba zao za kudumu badala ya kungoja kujengewa. Mtu anayelipa kwa mkono wake huhesabu mifuko. Basi hesabu na wewe, hata kama uko Eldoret: mtume mtu unayemwamini asimame lori likishushwa, na apige picha.

Saruji ije mwisho, baada ya mawe, mchanga na maji kuwa tayari. Mfuko wa kilo 50 uliokaa miezi kadhaa dukani huanza kuganda. Ingiza mkono: ukikuta vidonge vinavyopondeka kwa vidole, bado ni nzima; visipopondeka, mrudishie mwenye duka bila aibu. Ukishaleta nyumbani, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike. Kwenye mabati, uliza geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba, kwa hiyo geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na geji 28 ni nzito kuliko zote mbili. Upepo wa huku hauna huruma na bati jembamba.

Maji na chumvi

Kosa la gharama kubwa kuliko yote kwenye mjengo wa Turkana halionekani siku ya kazi. Fundi anamwaga zege saa tano asubuhi, jua linalikausha kabla ya saa nane, wote mnafurahi kwamba limeshika upesi. Halikushika, limekauka tu. Zege linahitaji maji ndani yake kwa siku saba angalau ili lipate nguvu, na lisipoyapata, sakafu inatoa nyufa na unga mwaka uleule. Kwa hiyo mwaga jioni jua likishuka. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa na juu yake karatasi ya nailoni, ulowanishe asubuhi na jioni. Kama huna maji ya siku saba, huna saruji ya kumwaga. Ngoja.

Maji yenyewe yawe matamu. Mwaka 2013 serikali na UNESCO walitangaza hazina kubwa ya maji chini ya tambarare ya Lotikipi, na dunia nzima ikatupongeza. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi. Chumvi hiyohiyo ukiichanganya kwenye zege lenye nondo, inakula chuma polepole, chuma kinavimba kwa kutu, zege linapasuka kutoka ndani. Onja maji ya kisima kabla ya kuyamimina. Yakiwa na chumvi ulimini, yatumie kulowanisha njia isitimke vumbi, na zege lipewe maji ya mvua au ya visima vya laga.

Maji ya mvua yapo, hata kama ni machache. Lodwar hupata wastani wa milimita 200 hivi kwa mwaka. Kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 7 ina mita 42 za mraba, kwa hiyo paa lake hupokea lita 8,400. Toa sehemu ya tano ya kumwagika na kukauka, unabaki na lita 6,700 na zaidi, yaani jerikeni zaidi ya 300 za lita 20 ambazo mtoto wako hakuzibeba kichwani. Mfereji wa bati pembeni mwa paa na tanki moja vitajilipa kabla ya kochi lolote.

Mbao na mchwa

Mathenge, mti wa miiba, aliletwa Turkana miaka ya 1980 kuzuia jangwa, naye akaamua kukaa na kuzaana. Anaziba njia, anachoma miguu, na sukari ya maganda yake huharibu meno ya mbuzi. Jamii ya Ilchamus wa Baringo walifika mahakamani na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Mti wa namna hiyo unastahili kufanya kazi. Nguzo zake ni ngumu, moyo wake humchosha mchwa, na ukimkata jirani atakushukuru. Chagua nguzo nene, menya ganda, na uisimamishe juu ya jiwe au zege badala ya kuizika udongoni, maana mchwa hupenda chakula kilicholetwa chini.

Mti wa ewoi usiguse. Maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi, na kando ya mito miti hiyo ina wenyewe kwa mpango wa ekwar, familia hii na kivuli chake, familia ile na chake. Ukikata ewoi wa mtu umenunua nguzo moja kwa bei ya mifugo.

Jua

Hapa ndipo nyumba nyingi hugeuka tanuri. Mtu anajenga sanduku la Nairobi: kuta za saruji, madirisha madogo ya vioo, bati tupu bila dari, mlango mmoja. Kufikia saa nane mchana familia yote iko nje chini ya mti, na ndani kumebaki televisheni. Kisha anaanza kununua feni, betri ya feni, na paneli ya betri, ili aweze kukaa katika nyumba aliyoilipia.

Elekeza kuta fupi mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni ndilo hupiga kuta. La mchana liko juu ya paa. Weka madirisha makubwa yanayotazamana, moja upande wa kusini-mashariki unakotoka upepo, na vifuniko vya mbao vya kufunga siku ya vumbi. Acha matundu juu ya ukuta, chini kidogo ya paa, hewa moto itoke. Chini ya bati weka dari ya mikeka au makuti ya mkoma, na kati ya dari na bati uache nafasi ya kupitisha upepo. Paka bati rangi nyeupe. Kisha zungusha baraza pana, kwa maana ukuta uliofunikwa na kivuli siku nzima hauna joto la kukurudishia usiku.

Ukidhani haya ni maneno ya mtu asiye na pesa, tembelea kampasi ya Startup Lions kule Loropio, ufukweni mwa ziwa, iliyokamilika mwaka 2021. Mbunifu wake ni Francis Kéré kutoka Burkina Faso, aliyeshinda tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Alijenga kwa mawe ya hapohapo na kuinua minara inayovuta hewa moto juu na kutoa nje, na wazo aliliokota kwenye vichuguu vya mchwa wa Turkana. Mchwa anayekula mlango wako ndiye pia fundi wa hewa. Mwangalie kabla ya kumwaga dawa.

Na mwangalie mama yako. Katika manyatta, wanawake ndio wajenzi. Ekol, kibanda cha mchana, inasukwa kwa fito zilizopindwa na majani ya mkoma, na ukiingia mchana unaona mwanga umepita kwenye vitobo elfu na upepo umeufuata. Hakuna chumba cha bati mjini kinachoshindana na kivuli hicho saa tisa alasiri. Basi jenga chumba kimoja cha mawe chenye kufuli kwa ajili ya vyeti, nguo, unga na usiku wa mvua, na ubavuni pake mlipe mama anayejua kusuka akujengee ekol pana ya mchana. Mlipe kwa siku, kiwango kilekile unachompa fundi wa saruji. Wengi huita kazi yake msaada na kumpa soda. Huo ni wizi, na mwongozo huu haufundishi kuokoa pesa kwa kuiba.

Sola utahitaji, ya taa na simu. Betri ndiyo inayokufa kwanza, na joto ndilo linaloiua: betri ya asidi ikizidishiwa nyuzi 10 za joto, umri wake hupungua karibu nusu. Usiiweke juu ya kabati chini ya bati. Iweke sakafuni, kwenye kona ya mawe isiyoguswa na jua, penye hewa. Paneli nazo ziinue kidogo kutoka kwenye bati upepo upite chini yake, na uzifute vumbi kila wiki.

Ukimaliza yote haya na bado una pesa, watakuja wa vigae, wa rangi ya ukutani na wa geti lenye simba wawili. Wasikilize, wape maji ya kunywa, kisha nunua tanki la pili.